Aliyekaa Siti ya Nyuma

Nilifika kwa mzee Hrant jua limeshapotelea ndani ya ukungu. Mji wa Fresno ndivyo ulivyo mwezi wa Desemba. Huoni jua likizama. Unaona tu taa za barabarani zimewaka, na mbele ya gari ni weupe mtupu.

Nilikuwa nimetoka kazini, kwenye nyumba ya wazee ninakowaogesha na kuwageuza vitandani. Nyumbani mama yangu mzazi alikuwa kitandani akisubiri nimwogeshe na kumgeuza yeye pia. Katikati ya hayo nilikuwa na nafasi ya jambo moja tu, kupima moshi wa gari. Bila cheti cha moshi hupati stika mpya ya namba, na trafiki alishanisimamisha akaniambia akinikamata tena, nitarudi nyumbani kwa miguu.

"Houa Lor!" Mzee Hrant alikuwa ameshika mnyororo wa geti. Ni Mwarmenia mnene, nyusi zake kama brashi mbili za viatu. "Wewe kila mara unangoja mpaka nianze kuota chakula cha mke wangu ndipo unakuja."

"Mzee, nihurumie. Miguu yangu imekufa."

"Yangu je? Haya, lete. Hili umelinunua lini?"

"Kiangazi. Kwa jamaa mmoja wa nje ya mji."

"Kuukuu kuliko ndoa yangu," alinung'unika, akaliingiza ndani.

Magari ya zamani namna ile hupandishwa kwenye magurudumu ya chuma yaliyozama sakafuni, yakafungwa mikanda, yakakimbizwa hapo hapo yalipo huku mpira wa mashine ukiwa umechomekwa kwenye ekzosi. Fundi hukaa kwenye usukani akitazama kioo cha kompyuta. Mimi nilikaa kwenye benchi nyuma ya dirisha, nikafumba macho.

Nikasikia injini ikipanda... ikipanda... halafu ikaanza kulia. Sauti nzito, kama ya gari linalopanda mlima na mzigo.

Ikazimika.

Nilipofumbua macho mzee Hrant alikuwa amesimama mlangoni, amekasirika.

"Binti, mwambie mama yako ashuke. Siruhusiwi kupima gari lenye abiria."

"Mama yangu?"

"Yule mama wa kabila lenu aliyekaa siti ya nyuma. Nimemwona kwenye kioo cha ndani. Nimemsemesha kwa adabu, hajibu."

"Mzee... nimekuja peke yangu."

Alinitazama akitafuta mzaha usoni mwangu. Hakuukuta. Tukaenda wote wawili. Alifungua mlango wa nyuma.

Hakukuwa na mtu.

Kulikuwa na harufu. Kituo kile siku zote hunuka petroli na mipira iliyoungua, lakini pale mlangoni palinuka tope. Tope bichi la mfereji, na majani yaliyooza. Nikapeleka mkono kwenye siti. Ilikuwa baridi, tena imebonyea, kama mtu ameinuka sasa hivi.

Mzee Hrant alifanya ishara ya msalaba.

"Lichukue," alininong'oneza. "Sitaki malipo. Liondoe tu hapa."

Niliendesha kurudi nyumbani bila kutazama kioo cha ndani hata mara moja. Niliogopa, ndiyo. Lakini kabla sijafika nyumbani woga ulikuwa umegeuka kuwa kitu kingine. Nilianza kulia kwa faraja. Nilidhani nimejua ni nani.

Mama alikuwa anaugua tangu ukungu wa kwanza wa mwaka ule. Nilikuwa namrudisha kutoka sokoni, tunapita ile barabara ya mashamba ya zabibu kando ya mfereji, yeye amekaa nyuma kama alivyozoea. Kitu cheupe kikakatiza mbele. Nikakanyaga breki. Hatukugonga kitu. Lakini mama alipiga yowe moja, kisha akanyamaza. Toka siku hiyo hakuongea. Alilala mchana na usiku, akila vijiko viwili vya uji nikimbembeleza. Madaktari walimpima wakasema moyo mzima, kichwa kizima. Ndugu zangu walioko Minnesota walipiga simu kila Jumapili kuniambia nijitahidi.

Sisi watu wa kabila la Wahmong tunajua mtu akishtuka sana roho yake huweza kuanguka, ikabaki pale ilipoangukia. Kumbe ya mama ilikuwa imebaki garini! Nilikuwa naizungusha mjini kila siku, kazini na dukani, na yeye amelala nyumbani bila roho.

Nikampigia mzee Nhia Vue, anayeita roho za watu. Alikuwa msibani mji wa Merced, mazishi yetu hayaishi upesi.

"Usinisubiri," alisema. "Fanya wewe, ni mwanawe. Mchele bakulini, yai juu yake, ubani, na nguo ya mgonjwa. Fungua mlango wa gari na mlango wa nyumba. Ita."

Jioni iliyofuata nikafanya hivyo. Niliegesha gari mbele ya mlango, nikawasha ubani, nikalishika koti la mama mikononi. Ukungu ulikuwa mzito hata nyumba ya jirani sikuiona. Nikaita.

"Mama, rudi nyumbani. Usikae huko kwenye baridi. Chakula kipo, kitanda kipo, wanao tupo. Rudi, mama..."

Moshi wa ubani ulipanda wima.

Nikaita tena. Sauti yangu ilikuwa imekauka.

"Mama. Tafadhali. Siwezi tena peke yangu."

Gari likainuka upande wa nyuma.

Kidogo tu, kama linavyoinuka mtu mzito anaposhuka. Kisha ubaridi ukanipita ubavuni, na ile harufu ya tope. Moshi wa ubani ukainama kuelekea mlangoni, ukaingia ndani.

Kutoka chumbani nikasikia kitanda kikilia.

"Houa," sauti ya mama iliita. "Nina njaa."

Nilikimbia. Alikuwa ameketi kitandani, miguu chini, macho makavu, ananitazama. Nikamkumbatia nikalia mpaka nikakosa pumzi. Nikachemsha lile yai, nikalimenya. Lilikuwa laini pande zote, bila kishimo. Ndiyo dalili kwamba roho imeingia. Nikamfunga nyuzi nyeupe mkononi ili isitoke tena.

Siku zilizofuata sikuwa na la kulalamika. Mama aliamka kabla yangu. Alipika, alifagia, aliikunja sare yangu ya kazi. Alikuwa na nguvu kuliko kabla ya kuugua. Alioga mara nyingi, na nywele zake hazikukauka vizuri. Nilimwambia, "Mama, utapata mafua." Akacheka. "Nimezoea maji, mwanangu."

Siku niliyopanga kurudi kupima moshi, akasema twende wote.

Mzee Hrant hakutaka kunifungulia. "Nenda kwa wengine, binti."

"Yamekwisha, mzee. Nimemrudisha. Mama yangu huyu hapa, mzima."

Mama alishuka, akaketi kwenye benchi nyuma ya dirisha, mikono juu ya magoti. Mzee Hrant alimtazama kwa muda, kisha akaliingiza gari. Safari hii injini iliimba. Wala halikunuka kitu zaidi ya moshi wa kawaida. Likafaulu.

Lakini mzee hakutoka mara moja. Nilimwona ameinama siti ya nyuma na tochi. Kisha akaniita kwa kidole, akasimama akiwa ameupa mgongo ule upande wa dirisha.

"Aliyekuuzia alikwambia gari hili liliwahi kuzama?"

"Kuzama?"

"Tope limekauka chini ya zulia, na vyuma vya siti vimeliwa na kutu. Lilikaa majini siku nyingi."

Nilipojaribu baadaye kumpigia yule jamaa, namba yake ilikuwa haipatikani.

"Na kitu kingine," mzee alinong'ona. "Yule mama wa siti ya nyuma..."

"Ndiyo. Ni huyu."

"Siye, binti."

"Mzee, ulimwona kwenye kioo tu."

"Nilimwona kama ninavyokuona wewe. Wa kwenu, ndiyo, lakini kijana. Hajafika miaka thelathini. Nywele zimelowa, zimemganda usoni." Akazima tochi. "Huyu wako hakuwamo kabisa."

Nikageuka. Nyuma ya dirisha mama alikuwa anatutazama. Akatabasamu, akanipungia mkono.

Jioni ile nilimpigia tena mzee Nhia Vue nikiwa bafuni, bomba la maji nimelifungua ili nisisikike. Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Ulimwita kwa jina gani?" aliuliza mwishoni.

"Nilimwita mama. Ningemwitaje?"



"Kila mwanamke aliyekufa akaacha mtoto," mzee alisema taratibu, "huitika hapo."

"Na mama yangu yuko wapi?"

"Pale alipoangukia, nadhani. Barabarani, siyo garini. Kamwite kwa jina lake. Lakini sijui, mwanangu. Mwili una kitanda kimoja. Sijui aliyelala humo atakubali kuondoka."

Siku tatu sikwenda. Nisidanganye, nilikuwa nimechoka. Kila nilipotoka kazini nilikuta wali wa moto mezani, nguo zimefuliwa, na mtu wa kuniuliza miguu inaumaje. Nilikula. Nilimshukuru. Usingizi wangu ulikuwa mtamu kuliko mwaka mzima uliopita. Lakini kila nilipoutazama ule mkono wenye nyuzi nyeupe, nilimfikiria mama, mwenye umri wa miaka sabini na mbili, amesimama mahali kwenye ukungu, bila koti.

Siku ya nne, nilipotoka kazini, nikapita ile barabara ya mashamba. Niliegesha kando ya mfereji, nikafungua milango yote ya gari. Giza lilikuwa linaanza kuingia. Mizabibu ilikuwa imesimama mitupu kwa mistari, na maji sikuyaona, niliyasikia tu.

Sikuwahi kulitamka jina la mama yangu kwa sauti maishani mwangu. Nililitamka.

"Chia Moua! Chia Moua, rudi nyumbani!"

Ukungu ulimeza sauti. Nikangoja. Nikaita tena, kwa nguvu zaidi. Mbali kule kwenye mizabibu, kitu kikakanyaga majani makavu. Hatua ndogo ndogo, za mtu mzee asiyeona vizuri. Zikasimama. Zikaanza tena, zikija upande wangu...

Simu ikalia mfukoni.

Ilikuwa namba ya nyumbani. Niliipokea. Upande wa pili nilisikia maji yakidondoka, tone baada ya tone, kisha sauti ya mama, ya upole sana.

"Houa, mwanangu. Unamwita nani huko?"

Zile hatua kwenye mizabibu zilikuwa zimenyamaza.

"Funga milango urudi," alisema. "Chakula kinapoa."