Betri Aliyoitunza Mwanatumu

Mwanatumu aliishi Msambweni na mumewe, Abdurahman. Kila siku aliamka alfajiri, akaswali, kisha akawasha jiko la mkaa. Alipika mahamri na mbaazi za nazi. Jua likichomoza, wateja walishaanza kufika na bakuli zao.

Juu ya jiko palikuwa na rafu, na ukutani hapo palikuwa na soketi. Simu ya Mwanatumu ilikaa kwenye rafu hiyo. Ilinunuliwa na mwanawe Feisal, anayefanya kazi hotelini Diani. Mwanatumu aliipenda kupita kiasi. Aliifunga kwa kipande cha leso ili isiingiwe na unga wala mafuta. Aliichomeka alfajiri, akaiacha kwenye chaji mpaka adhuhuri, hata kama ilikuwa imejaa tangu saa mbili.

Siku ya Alhamisi alikuwa na desturi yake. Wenzake walifagia nyumba kuikaribisha Ijumaa. Yeye alifagia nyumba na simu pia. Aliiacha iishe chaji kabisa. Akiona inachelewa, aliwasha tochi makusudi mpaka simu izime yenyewe. Ijumaa asubuhi aliijaza upya.

"Betri lazima uimalize yote, ndipo ijae vizuri," alimwambia mumewe. "Aliyeniuzia simu yangu ya kwanza, ile ya vibonye, aliniambia hivyo."

"Hiyo ilikuwa zamani, Mama Feisal," Abdurahman alisema. "Hii ni simu nyingine."

"Betri ni betri."

Kubishana na Mwanatumu kulikuwa kazi ya bure. Abdurahman alichukua chai yake akaenda shambani.

Mwaka wa tatu, simu ilianza vituko. Ilipata joto mpaka ikamchoma sikio. Iliisha chaji kabla ya alasiri. Mara nyingine ilizima ghafla, ilhali ilionyesha asilimia thelathini. Kisha mgongo wake ukainuka, kifuniko kikakataa kufunga. Mwanatumu alitafuta mpira wa kufungia, akaukaza kwenye simu.

"Ipeleke kwa fundi," Abdurahman alimwambia.

"Simu naitunza kuliko wewe unavyojitunza. Itakuwa na ugonjwa gani?"

Ingekuwa ni simu tu, nisingeiandika hadithi hii.

Mwanatumu alikuwa na kaka mmoja, Jaafar, aliyekaa Ramisi. Mama yao alipofariki, walibaki wao wawili. Kwao, posa ya msichana haijibiwi kabla ya shangazi yake kuulizwa. Lakini posa ya Yusra, binti mkubwa wa Jaafar, ilipokuja, Jaafar alijibu peke yake. Wageni walikuwa na haraka, naye akaona haya kuwarudisha. Mwanatumu alisikia habari hiyo kwa mteja wa mahamri. Aliumia sana. Harusi hakuenda. Miezi minane ikapita, ndugu hawa wawili hawajasemeshana.

Katika miezi hiyo Abdurahman alimwambia, "Kakako anaumwa na tumbo. Nenda ukamtazame."

"Anajua kwangu. Na aje yeye kwanza," alijibu Mwanatumu.

Jumatano moja, stima zilipotea tangu asubuhi. Mwanatumu alikuwa akiosha sufuria saa nne, simu ikalia. Aliangalia kioo. Jina lilikuwa la Jaafar. Chaji ilikuwa asilimia thelathini na nne. Alifuta mikono, akapokea.

"Mwanatumu," sauti ilisema. Ilikuwa sauti dhaifu. "Ni mimi. Niko hospitali. Wananiingiza kupasuliwa sasa hivi. Dadangu, nimekupigia, nataka unipe radhi kwa lile la..."

Kimya.

"Kaka? Kaka Jaafar?"

Kioo kilikuwa cheusi. Alibonyeza kitufe. Simu iliwaka kidogo, ikazima. Alibonyeza tena, haikuwaka kabisa. Stima hazikuwapo. Alikimbia kwa jirani yake, Chiku, akaomba simu. Chiku alimpa. Mwanatumu aliishika, asijue abonyeze nini. Namba ya Jaafar hakuijua kwa kichwa. Hata ya mumewe na ya Feisal hakuzijua. Zote alizihifadhi ndani ya simu ile iliyozima.

Stima zilirudi baada ya adhuhuri. Simu ilipowaka, alipiga. Ya Jaafar ilikuwa imezimwa. Alipiga tena na tena. Alasiri Abdurahman alirudi nyumbani kabla ya wakati wake, akasimama mlangoni bila kuvua kofia. Mwanatumu alijua kabla hajaambiwa. Jaafar alikuwa amepasuliwa utumbo, na hakuamka.

Walimzika Alhamisi, Ramisi. Siku ya tatu ya matanga, Mwanatumu alikaa mkekani kando ya Yusra. Yusra ndiye aliyekuwa na babake hospitalini.

"Yusra, mwanangu," alisema polepole. "Simu ilipozima, baba yako alisema nini?"

Yusra alianza kukunja ncha ya leso yake.

"Niambie. Bora nijue."

"Alidhani umemkatia, shangazi." Yusra aliangalia chini. "Aliniambia, 'Ana haki yake.' Kisha wakaja kumchukua."

Mwanatumu alijifunika uso kwa leso. Hakulia kwa sauti. Angeweza kustahimili kifo, maana kifo ni cha Mungu. Lakini kakake aliondoka akiamini kuwa dada yake amekataa kumsamehe, naye alikuwa ameshamsamehe mara tu aliposikia sauti yake.

Wiki mbili baadaye, aliifunga simu kwenye leso akaenda nayo kwa Beryl, fundi wa simu. Beryl alitoka bara akaolewa hapa hapa Msambweni. Kiswahili chake kina milima na mabonde, lakini kazi yake ni safi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Niangalizie simu hii. Nataka kujua ilizima kwa nini."

Beryl alitoa ule mpira. Kifuniko kiliruka chenyewe. Ndani, betri ilikuwa imevimba mfano wa andazi.

"Mama, hii imefura. Umekuwa ukiitumia hivi?"

"Ndiyo."

"Na umekuwa ukiichaji hivi?"

"Kila siku."

Beryl aliiweka simu mezani taratibu. "Mungu alikulinda. Betri ikifura, usiichaji tena. Usiifinye kwa mpira, usiitoboe. Inaweza kushika moto. Izime, uilete kwa fundi."

Mwanatumu aliitikia kwa kichwa. "Ilionyesha thelathini na nne. Kwa nini ilizima?"

"Hiyo namba simu inakisia tu. Betri ikizeeka, simu inadhani kuna chaji, kumbe betri haina nguvu. Sasa mtu akikupigia, simu inataka nguvu nyingi mara moja. Betri inashindwa. Simu inazima."

"Na imezeekaje? Miaka mitatu tu. Mimi naitunza."

"Unaitunza aje? Niambie."

Mwanatumu alimweleza yote. Rafu ya juu ya jiko. Kipande cha leso. Chaji kutoka alfajiri mpaka adhuhuri. Alhamisi na tochi yake. Alieleza kwa kujivunia mwanzoni. Kadiri alivyoendelea, aliona uso wa Beryl, na sauti yake ikashuka.

"Mama, usiudhike," Beryl alisema. "Joto ndilo linamaliza betri kushinda kitu kingine chochote. Jiko liko chini, leso iko juu, na simu ikiwa kwa chaji inatoa joto lake pia. Hiyo betri ilikuwa inapikwa."

"Na kuiacha iishe?"

"Betri za zamani zilitaka hivyo. Hizi za siku hizi hazitaki. Ni kama mtu. Umlaze njaa kila Alhamisi, Ijumaa umshindilie chakula mpaka kooni, tumbo litaharibika. Mpe kidogo kidogo. Ikifika ishirini au thelathini, weka kwa chaji. Ikifika themanini, toa. Hata ukichaji dakika kumi ukatoa, si vibaya."

"Nisiijaze kabisa?"

"Ukiwa na safari, jaza. Lakini isiwe kila siku, na ikijaa usiiache hapo mpaka mchana."

Mwanatumu aliitazama ile betri iliyovimba. Nje watu walipita na mizigo yao.

"Kwa hivyo mimi ndiye niliyeiua," alisema.

"Haukujua, mama."

"Mume wangu aliniambia nije kwako. Sikuja."

Beryl aliichomoa betri kwa uangalifu, akaiweka kwenye mkebe wa mchanga mkavu. Betri mbovu hazitupwi jaani wala motoni. Beryl huzikusanya, kisha huzipeleka kwa wanaojua kuziharibu salama. Halafu akatia betri mpya.

Siku hiyo hiyo Mwanatumu aliing'oa ile rafu ya jikoni. Sasa simu huchajiwa ukumbini, juu ya meza, mbali na jua, mahali panapopita upepo. Haifungwi kwa leso tena. Stima zikiwapo jioni, huichaji mpaka themanini, ili zikipotea asubuhi asikutwe na simu tupu. Namba nne muhimu ameziandika kwenye daftari na kuzikariri. Alhamisi hufagia nyumba tu.

Wateja wakija, huwauliza, "Simu yako unaichaji wapi?" Akisikia chini ya mto au juu ya friji, hamwachilii mtu aende zake mpaka amweleze. Wengine hucheka. Chiku alimtania, "Siku hizi mahamri yako yanakuja na somo." Mwanatumu hakucheka. Hakumwambia mtu, isipokuwa mumewe, kwa nini anajali hivyo.

Mwaka ukapita. Simu haikupata joto, wala haikuzima tena ghafla.

Asubuhi moja, Mwanatumu akiopoa mahamri, simu ililia ukumbini. Alikwenda akaangalia kioo. Jina lilikuwa la Jaafar. Chaji ilikuwa asilimia thelathini na tatu, maana stima zilipotea tangu jana. Aliketi, akapokea.

"Shikamoo, shangazi. Ni Yusra. Nimeiwasha laini ya baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Kuna watu wamekuja kumposa Mbeyu." Mbeyu ni mdogo wake Yusra. "Mama amesema hatujibu neno mpaka uulizwe wewe. Una nafasi tuzungumze?"

"Ninayo."

Walizungumza karibu nusu saa. Walizungumza juu ya kijana, na wazazi wake, na siku ya kukutana. Mwishoni Mwanatumu alisema lile alilokuwa nalo kifuani.

"Yusra, siku ile mimi sikukata. Simu ilizima yenyewe. Mimi nilikuwa nimeshampa radhi."

"Najua, shangazi. Nilijua tangu siku uliponiuliza, pale matangani."

"Yeye hakujua."

Waliagana. Kwenye kioo chaji ilikuwa ishirini na saba. Jina la Jaafar lilikuwa bado linaonekana, na Mwanatumu aliirudisha simu sikioni, akaishika hapo mpaka Yusra alipokata mwenyewe. Siku hizi yeye huwa hakati simu kwanza, hata awe anazungumza na nani.