Bakuli Lenye Duara la Chokaa

Nitaanza na kosa langu, maana Mungu alikuwa ananiona siku ile sokoni Palma.

Ni mwaka ule watu wa gesi walipojaa mjini, kila mpangaji akitaka keki ya chai. Mdogo wangu Yasmin alipata oda ya kambi yao, ila trei za bati zilikuwa zikimuunguzia keki. Tukaenda kutafuta bakuli la kioo la kuokea, gumu, la bei yetu.

Yasmin aligonga moja kwa ukucha, akaliinua juani. "Jembamba hili. Litoke motoni liguse maji, kwaheri."

"Da Yasmin, unachagua bakuli au mchumba?" Dauto muuzaji akamtania. Akatoa jingine chini ya meza, zito, nusu bei. "Hili ukiliangusha, litakuuliza kama umeumia wewe."

Nililigeuza. Kitakoni lilikuwa na duara la chokaa kavu.

Kwetu, bakuli la marehemu huwekwa juu ya kaburi lake, likashikizwa kwa chokaa, na ndugu wakalijaza maji. Duara lile nililijua. Nilijua pia kwamba Dauto alikuwa kibarua wa kufyeka njia ya wapimaji wa gesi, ile iliyopita makaburini. Nikanyamaza, bei ilikuwa nzuri. Nyumbani, Yasmin akiwa kisimani, nikalikwangua kwa kisu juu ya meza.

Lilikuwa gumu kweli. Lilianguka kwenye saruji, likalia kama kengele, halikupata ufa. Lakini keki ziliiva pembeni tu. Katikati zilikuwa za baridi, kama udongo wa chini.

Siku ya tatu Yasmin alishikwa na kiu.

Alimaliza mtungi kabla ya adhuhuri. Akamaliza ndoo. Midomo ikabaki mikavu. Hospitalini walimpima, hawakuona kitu. Siku ya saba hakuweza kusimama, na ulimi wake ulikuwa mweupe, kama umepakwa.

Nikamshika mkono. Akanong'ona.

"Mwambie alirudishe."

"Nimwambie nani, mdogo wangu?"

"Aliyekwangua."

Sikuwa nimemwambia mtu.

Nikakimbilia kwa Dauto, bakuli kifuani. Nikasema mbele ya watu wote: niliiona chokaa, nikanyamaza, sasa nionyeshe kaburi. Hakutania tena. Tukaenda hadi ukingoni mwa njia mpya, jua la mchana likiwa kali. Kaburi lilikuwepo, kichwani pana kishimo cha duara. Bakuli likaketi sawasawa.

Nikaomba radhi. Nikamimina maji.

Yakapungua.

Nikamimina tena. Nikasikia koo likimeza, chini ya udongo. Nikamgeukia Dauto. Alikuwa ameziba mdomo wake kwa mikono miwili.

Niliporudi, Yasmin alikuwa ameketi, midomo imelowa, maji yakimchuruzika kidevuni. "Nimeshiba, dada," alisema. Kikombe kando yake kilikuwa kikavu tangu alfajiri.

Alhamdulillahi, alipona. Bakuli la sasa alilinunua dukani kwa bei kamili, akachagua mwenyewe. Mimi nilisimama nje.

Lakini mezani kwangu, pale nilipokwangulia, pana duara jeupe. Nimelisugua kwa mchanga, kwa ndimu, kwa jivu. Halitoki. Kila Ijumaa naweka hapo glasi ya maji, kisha naenda kusali. Nikimaliza, naikuta tupu.

Na ukingoni mwa glasi pana alama ya mdomo, ya chokaa, bado mbichi.