Maserati ya Fahmi Inangoja Bei

Jumapili ile Nahla alikuwa na haraka, na Nahla akiwa na haraka hata taa nyekundu humwonea haya. Begani alikuwa na jora la kitambaa cha makochi, refu kumshinda mwenyewe. Miguuni raba nyeupe, mwilini abaya ya zambarau iliyokuwa ikipepea nyuma yake kama imeshindwa kumfuata. Ili awahi karakana ya makochi alikofanya kazi, alikata njia katikati ya uwanja wa kuegesha magari ulio kando ya barabara ya Rockville Pike, Maryland, Marekani, pale ambapo wenye magari ya kale hukutana Jumapili asubuhi kunywa kahawa na kusifiana injini.

Watu walijaa kama siku ya Idi. Kila boneti wazi, kila mwanamume kainama ndani kama aliyedondosha pete. Bega likamuuma. Akaona gari moja la milango miwili, refu, la rangi ya majani makavu, limekaa kando peke yake. Akalitua jora lake juu ya boneti.

"Toa! Toa hicho! Tafadhali!" Kijana mmoja alikuja mbio akipiga kelele kwa Kiingereza, kahawa ikimmwagikia mkononi.

"Lahaula," Nahla alijisemea. "Huyu naye kaumwa na nini?"

Kijana akaganda. Alikuwa mrefu, kavaa koti la jinzi, ndevu zimechongwa vizuri, macho ya mtu aliyeibiwa.

"Sijaumwa," alijibu kwa Kiswahili cha Unguja. "Lakini hiyo rangi ni ya kiwandani, dada. Ya mwaka sabini na moja. Haijaguswa tangu ipakwe."

"Ndiyo maana imenuna. Kitu kisichoguswa hununa."

"Hii ni Maserati!"

"Na hili ni jora la yadi kumi na nne, na bega ni langu. Lishike wewe basi, ikiwa boneti yako yaona haya."

Akalishika. Tena akalibeba mitaa miwili mpaka mlangoni mwa karakana, na gari lake akaliacha dakika kumi bila mlinzi, jambo ambalo wenzake wa kahawa walikuwa hawajapata kuliona. Jina lake Fahmi, fundi katika majengo ya kuhifadhia kompyuta kule Sterling, Virginia. Nahla alikuwa mshonaji wa viti na makochi, mtu wa Kibokoni, Mombasa, anayeishi huko Beltsville kwa ami yake aitwaye Riyadh. Mpaka jora linatuliwa, wote wawili walikuwa wameshapeana namba, kila mmoja akijifanya ameombwa.

Jioni simu ikalia.

"Boneti inakusalimu," alisema Fahmi.

"Iambie mimi hupokea salamu za wenye masikio tu."

"Na mwenye boneti je?"

"Huyo hajambo, ila mwoga. Bega lake linaendeleaje?"

"Linauma, wallahi."

"Hongera. Sasa umejua kazi."

Zikaanza simu za asubuhi, simu za mchana, simu za "umekula?" na "umefika?". Fahmi alikuwa akiendesha kigari chake cha Kijapani kutoka Virginia mpaka Maryland, saa nzima ya foleni, ili amletee Nahla sambusa ambazo zimeshapoa. Nahla alikuwa akizila akisema ni mbaya, na hakuna iliyobaki. Mapenzi yakakolea kama chai ya maziwa.

Kasoro moja tu. Fahmi alikuwa na ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ni kungoja.

Ile Maserati aliinunua miaka tisa nyuma kwa mzee mmoja wa Virginia ambaye Fahmi alikuwa akimwoshea magari. Alitoa dola elfu kumi na moja, akiba yake yote, na wenzake wakamcheka. Wakati ule wanunuzi walikuwa wakiipita Maserati ya aina ile kama unavyompita mtu mwenye daftari la michango. Kisha magari ya Kitaliano mekundu, yale ya kwenye mabango, yakapanda mpaka matajiri wenyewe wakashika vichwa, na walioshindwa nayo wakaanza kuyatazama magari ndugu yaliyosahaulika, Maserati ikiwamo. Gari la Fahmi likawa la elfu thelathini. Likawa la hamsini. Kila Jumatatu Fahmi alikuwa akifungua minada ya mtandaoni kabla hajapiga mswaki.

"Ikifika sabini nauza, nakuja kwa wazee wako," aliahidi majira ya machipuko.

Ilifika sabini mwezi wa Juni.

"Habibti, kuuza sasa ni kuuza embe bichi. Utalia likimwivia mwenzio."

"Na likioza?"

"Haliozi hili. Linapanda!"

"Ngojangoja huumiza matumbo, Fahmi."

"Subira huvuta heri."

"Heri ndiyo mimi, na nimevutwa mpaka nimechoka!"

Fahmi alicheka, akabusu simu. Na lile gari halikutembea. Kila maili inapunguza thamani, alisema. Hata kwenye mikutano ya kahawa lilikuwa likipelekwa juu ya mgongo wa lori. Siku nyingine zote lilikaa gerejini Sterling chini ya shuka la pamba. Mwaka wa pili wa mapenzi yao ukaingia na Nahla hajapandishwa hata kuzungushwa mtaa.

Mwezi wa Januari baba yake, Mzee Zuhair, akaja kutoka Mombasa kwa mwezi mmoja. Siku ya tatu tu, akishasikia habari za minada kwa Ami Riyadh, akauliza.

"Huyo kijana wa Kiunguja yuko wapi?"

"Yupo, baba."

"Aje tuonane kabla sijaondoka. Mimi si mnada, sirudi kila Jumatatu."

Tangu siku hiyo Nahla hakutulia. Akikaa anasimama, akisimama anazunguka, akizunguka anaangalia kalenda. Baba alikuwa anapanda ndege Jumapili ya mwisho wa mwezi. Fahmi naye alikuwa ameshamwita mthamini aje aandike bei rasmi. Hapo ndipo Nahla, fundi wa viti, akapata fikra ya kifundi. Viti vya lile gari vilikuwa aibu tupu: ngozi ya kahawia imepasuka kama kisigino cha kiangazi, nyuzi nje, kiti cha dereva kimebonyea. Akaamua avipambe. Gari likipendeza litathaminiwa, likithaminiwa litauzwa, likiuzwa mtu hana tena cha kungoja.

Fahmi alipotumwa kikazi Texas siku tano, ufunguo wa gereji alimwachia yeye. Nahla akavitoa viti, akavileta karakana. Bosi wake Ferdinand, Mkongomani wa Lubumbashi, akavitazama akikuna kichwa.

"Mama, unajua kile unafanya?"

"Nampamba bwana harusi."

"Bon, sawa. Miye sikuona kitu."

Alishona siku nne. Ngozi mpya, laini, rangi ya kahawa yenye maziwa, mishono imenyooka kama safu za swala. Alikuwa hajapata kushona kitu kizuri hivyo maishani mwake. Akavirudisha garini, akalifunika shuka.

Mthamini alikuja asubuhi ile ile Fahmi aliporudi, kabla hajapata hata nafasi ya kulifunua gari. Alikuwa mama wa Washington, Mmarekani mweusi mwenye mvi fupi, Edna kwa jina. Alisoma Kiswahili chuo kikuu miaka mingi iliyopita na hakukosa nafasi ya kukitumia.

"Hamjambo. Mimi ni mthamini wa magari ya kale. Nimefurahi sana kuwaona."

Nahla akavuta shuka, akafungua mlango kama afunguaye pazia la kitandani kwa bibi harusi. "Haya, tazama, mpenzi!"

Fahmi alitazama. Bi Edna akainama, akapitisha kidole juu ya mshono, akanusa.

"Viti hivi ni vizuri mno," alisema polepole. "Na hilo ndilo tatizo. Viti vya asili viko wapi?"

"Vile vibovu?"

"Wanunuzi wa leo wanatafuta uzee wa kweli, binti. Zile nyufa zilikuwa cheti chake cha kuzaliwa. Ningaliandika elfu themanini na mbili." Akageuka kwenye karatasi zake kwa huruma. "Naandika sitini na nne."

Alipoondoka, gereji ikawa baridi kuliko nje.

"Miaka tisa," Fahmi alisema. "Miaka tisa sikukigusa kiti kile. Wewe siku nne tu umenivunjia thamani yangu."

"Nilitaka kukusaidia uuze!"

"Nani alikuomba?"

"Baba yangu anaondoka Jumapili ya wiki ijayo, Fahmi! Wewe waijua bei ya kila gurudumu kutoka hapa mpaka Italia. Miezi kumi na minne nimekaa chini ya shuka mimi. Bei yangu unaisoma mtandao gani?"

"Usilete mchezo. Hizo ni elfu kumi na nane."

"Nashukuru. Sasa najua nimepitwa na kiasi gani."

Akauweka ufunguo wa gereji juu ya boneti, ile ile isiyoguswa, akatoka. Simu za "umekula?" zikakatika siku hiyo.

Siku mbili Nahla alishona makochi ya watu vibaya, akafumua, akashona tena. Siku ya tatu akainua macho ukutani. Zile ngozi za zamani zilikuwa pale zimening'inia msumarini. Fundi wa viti hatupi ganda la zamani, huliweka liwe kielelezo cha kukatia jipya. Vipande vyote kumi na vinne vilikuwepo, vimechorwa chaki.

Akampigia Fahmi. "Lete vile viti. Vilete uende." Akakata.

Alivishona kwa mkono, kwa sababu mashine ingetoboa matundu mapya. Kila tundu la zamani alilipitisha uzi wake, tundu moja moja, mpaka vidole vikavimba. Hakuwa akimfanyia Fahmi. Alikuwa akijitoa katika deni la lile neno "umenivunjia thamani", ili akimsahau amsahau vizuri.

Alhamisi Fahmi akaja kuvichukua, theluji mabegani. Alipoiona ngozi ile kuukuu imekaa mahali pake, nyufa zake zote kamili, alipiga magoti akaikumbatia.

"Nahla! Umevirudisha! Alhamdulillahi, bei itarudi! Nikimwita Bi Edna tena, halafu kuna mnada wa Machi, wakati ule watu wana..."

Akajisikia mwenyewe.

Nahla alikanyaga mashine yake, ikanguruma, akaendelea kushona kochi la mtu wa Silver Spring. Fahmi alisimama pale kama koti lililosahauliwa. Ferdinand ndiye aliyemsaidia kubeba viti.

"Ndugu," alimwambia mlangoni, "miye ningekuwa wewe, ningelia."

Ijumaa kutwa theluji ilianguka, na malori ya serikali yakamwaga chumvi ya kuyeyusha barafu kila barabara. Jumamosi asubuhi Mzee Zuhair alikuwa akifunga masanduku, na Nahla akiyafungua tena kwa kuwa hakujua mikono yake aiweke wapi. Ndipo mtaa mzima wa Beltsville ukasikia mngurumo wa injini ambayo haikuwa ya mtaa ule.

Ami Riyadh akachungulia dirishani. "Mashallah! Nani huyo mwendawazimu?"

Ilikuwa Maserati. Imetoka Sterling mpaka Beltsville kwa magurudumu yake, katikati ya malori, na chumvi ile, ambayo hula bati na wenye magari ya kale huiogopa kama ukoma, imeipaka meupe mpaka madirishani. Matope yamefika kwenye taa. Fahmi alishuka na kanzu nyeupe, koti juu yake na viatu vya theluji. Mlango wa pili ukafunguka kwa tabu, akatoka shangazi yake, Bi Salme, kafunga kilemba cha sufi, mkononi sinia la halua, akilaani.

"Mwanangu, gari la fahari hili halina hita? Miguu yangu nimeiacha njiani!"

Nahla alikimbilia jikoni, akasimama nyuma ya pazia, akitega sikio.

Salamu zikaenda, kahawa ikaja. Bi Salme akayasema ya ushenga kama yalivyo ada, kwamba wameona ua katika nyumba hii na wanaomba kulichuma. Mzee Zuhair akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia kijana.

"Nasikia gari lako linapanda bei."

"Lilikuwa likipanda, mzee. Leo nimelitembeza maili arubaini kwenye chumvi."

"Kwa nini?"

"Kigari changu kingine kinawaka kila siku, hakinigharimu kitu. Nilitaka nije na kitakachoniuma." Akakiweka kikombe chini. "Nimemngojesha binti yako, mzee. Nikasema nangoja bei. Kumbe nilikuwa naogopa kuja na mikono hii mitupu."

Mzee alinywa funda moja. "Nahla! Njoo."

Akatoka na mtandio wa kijani aliouvaa kinyume kwa haraka. Hakumtazama Fahmi. Alimtazama, kidogo.

"Umesikia. Unaridhia?"

"Kimya chake ndiyo ndiyo yake," Bi Salme alirukia.

"Sijanyamaza, shangazi, nafikiri," alisema Nahla. "Baba, mahari ni haki yangu nitaje mwenyewe?"

"Yako, si yangu. Taja."

"Gari."

Kijiko cha Ami Riyadh kikaanguka.

"Gari gani?"

"Hilo hapo nje. Lenye chumvi."

Hakulitaka gari. Alitaka kuona mkono wa Fahmi utasita muda gani. Akawa anauangalia mkono tu, akihesabu moyoni: moja...

"Ya Allah, mwanangu!" Bi Salme alimaka. "Si ungetaja mkufu! Si ungetaja bangili! Gari la elfu..."

Mbili haikufika. Ufunguo ulikuwa umeshatua kwenye sinia, kando ya halua, na mkono wa Fahmi umeshaondoka juu yake. Nahla, ambaye tangu baba aulize hakuwa ametulia, akakaa chini.

"Naridhia," akasema. Akauchukua ufunguo, akaupangusa halua kwa ncha ya mtandio, akautazama pande zote mbili kama mthamini. "Na ule wa akiba?"

Fahmi akaangua kicheko, machozi yakimtoka waziwazi mbele ya wazee.

"Uko Sterling, roho yangu. Niazime gari nikakuletee."

"Nikuazime wewe? Utaliacha chini ya shuka." Nahla alikuwa ameshavaa raba. "Naendesha mimi."

"Hamtoki wawili kabla ya nikaha!" Bi Salme alipiga kelele, akijiinua kwa shida kutoka kochini, akitafuta miguu yake. "Ningojeni! Na mimi nakaa mbele!"