Gari la Baba Lapata Paa la Pili

Kila asubuhi Baba hulifuta gari lake kabla hajanywa chai. Ni gari kubwa, lenye safu tatu za viti na keria ya chuma juu ya paa. Mama husema siku moja Baba atalivalisha sweta.

Lakini Bibi, mama yake Baba, hataki hata kuliona. Mdogo wake Bibi anaishi mbali, na miguu yake haimruhusu kusafiri. Safari iliyopita Bibi alipanda gari hilo kwenda kumwona. Joto lilimzidi njiani, akatapika, wakageuza. Sasa ndugu hao huongea kwa simu tu. Simu ikikatika, Bibi hubaki ameishika mkononi, na inahuzunisha kumwona.

"Mama, twende Jumamosi," Baba alimwambia.

"Kwenye tanuri lile? Nenda wewe, unisalimie."

Baba hakukata tamaa. Alinunua turubai jeusi, akalibana juu ya paa, chini ya keria, kama shuka kitandani. Akafunga madirisha yote ili joto la nje lisiingie. Jua lilipopanda, alimwita Bibi ajaribu. Bibi aliingiza kichwa na kukitoa papo hapo.

"Afadhali jana, mwanangu. Leo umelitia na mfuniko."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Jirani yao alisikia, akaja kuona kuna nini. Jirani huyu ni fundi wa kuezeka nyumba, na mtaa mzima humwita Mama Mabati. Aligusa turubai, akavuta mkono haraka.

"Shemeji, pale nyumbani kwako, kati ya bati na dari kuna nini?"

"Hakuna kitu," Baba alijibu.

"Kuna hewa. Hiyo ndiyo inayokusaidia. Turubai hili ni jeusi, linanyonya joto. Tena limelalia paa, kwa hiyo joto lote linashuka ndani. Kivuli kikae juu kidogo, upepo upite katikati."

"Na madirisha?"

"Ukiyafunga, joto lililomo litatokea wapi?"

Baba alikuna kichwa. "Basi nisaidie, jirani. Mama yangu ana hamu ya kumwona ndugu yake."

Walifanya kazi pamoja mchana kutwa, huku wakitaniana. Mama Mabati alileta bati jepesi la aluminiamu, akalipaka rangi nyeupe ili lirudishe mwanga wa jua. Alikunja kingo zake zisimkate mtu. Kisha wakalifunga kwenye keria kwa boliti, wakiacha nafasi ya kiganja kimoja kati ya bati na paa.

"Kaza boliti kabla ya kila safari," alisema. "Kabla ya kuondoka, fungua milango yote, joto litoke. Mkiwa njiani, shusha kidogo dirisha la mbele upande mmoja, na la nyuma upande wa pili. Hewa itaingia huku na kutokea kule. Na msimwache mtu ndani ya gari lililofungwa juani, hata likiwa na kivuli."

Jumamosi Bibi alipanda huku amebeba ndoo tupu, kwa tahadhari. Alikaa nyuma. Upepo ulimpitia usoni. Baada ya muda Baba alisikia sauti nyuma yake, akaogopa. Kumbe Bibi alikuwa anaimba.

Walipofika, mdogo wake alikuwa mlangoni na fimbo yake. Walikumbatiana, wakalia, wakacheka. Nyumba ilikuwa na joto kali, kwa hiyo Bibi akamsaidia mdogo wake kupanda garini. Baba aliwafungulia milango yote.

Chakula kiliiva. Baba alikwenda kuwaita.

"Mama, shukeni tukale."

"Tuleteeni huku huku," Bibi alisema. "Na hiyo ndoo nayo iondoe, inatuzuia kunyoosha miguu."