Siku ya Gnocchi

Jumapili hiyo mgahawa wa Mama Ersilia, mtaani Testaccio, ulifurika hadi mlangoni, ndipo Marilena, mgeni kutoka Verona, akaketishwa meza moja na Ottavio, fundi bomba wa hapohapo Roma. Marilena alivaa gauni la kijani lililomkaa vizuri. Ottavio akasahau kutafuna.

"Kaka, tambi zinapoa," Marilena akamwambia.

"Ziache zipoe. Mimi ndio nachemka."

Marilena akacheka, wakaanzia hapo. Miezi mitatu, kila Jumapili, meza ileile.

Kisha Ottavio akapata kazi ya miaka mitatu katika meli za mizigo, akaificha. Marilena akaisikia kwa watu. Aliizuia namba yake na mgahawani hakukanyaga tena. Wapenzi huniudhi hapo: kila mmoja ana simu mfukoni, na bado wanatumiana watu. Ottavio akamwomba Mama Ersilia ampigie.

"Mwanangu, Ottavio atakungoja hapa wiki hii, siku ya gnocchi, saa saba mchana. Ukija, haendi popote. Usipokuja, anatia saini mkataba wa meli."

"Nimesikia, mama," Marilena alisema tu. Kiburi kilimzuia kuongeza neno.

Ijumaa, saa saba kasorobo, aliingia na gauni lile la kijani. Meza yao ilikuwa tupu. Jikoni kulinukia samaki, si gnocchi, vile vidonge vya viazi.

"Mama, mbona hakuna gnocchi leo?"

Mama Ersilia akashika kichwa. "Gnocchi ni Alhamisi, mwanangu. Jana alikaa pale mpaka nikafunga."

Marilena akapiga simu. Nyuma ya sauti ya Ottavio kulikuwa na kelele za mashine na upepo.

"Otta, mpenzi, nimekuja. Niko hapa mezani."

"Nilikungoja jana, roho yangu. Asubuhi nimetia saini. Meli imeshang'oa nanga."

"Kwetu Verona siku ya gnocchi ni Ijumaa."

"Si ungeuliza, Mari?"

"Niulize nini? Kwetu hata mtoto anajua."

"Na kwetu pia."

"Nitakungoja."

"Miaka mitatu? Usiningoje, mpenzi. Nakuomba."

Simu ikakatika, na alipopiga tena haikupatikana. Mama Ersilia akamwekea sahani ya samaki bila kuulizwa. Marilena akala wote, machozi yakimdondokea sahanini, kwa sababu hakujua akimaliza aende wapi.