Uchaga wa Bi Dhahabu

Kazi ya kwanza ya Mwanamkasi kila asubuhi ilikuwa kuwasha moto. Alikusanya vifuu na kuni mbili tatu za mwarobaini, akavipanga baina ya mafiga, akainama na kupuliza mpaka machozi yakamtoka. Moshi ulipanda, ukaenea chini ya makuti, ukajipenyeza kwenye uchaga uliokuwa juu ya meko. Uchagani hapo yalining'inia mahindi ya mbegu ya bibi yake, Bi Dhahabu, yamesukwa maganda kwa maganda kama nywele za bibi harusi.

Hayakuwa mahindi ya kumtambia mtu. Yalikuwa mafupi, na punje zake nyeupe zilichanganyika na nyingine nyekundu zilizokolea kama kokwa za tende. Lakini yalikomaa upesi, hata mvua ya masika ilipokatika mapema. Bi Dhahabu alizipata mbegu hizo kwa mamake, na mamake alizipata kwa mamake, hapo hapo Shika Adabu, kusini ya Likoni.

Mwaka huo wa tisini na sita, mwishoni mwa Februari, Bi Dhahabu alifunga kanga zake ndani ya kikapu. Binti yake Nyamvula alikuwa amejifungua huko Kwale, na yeye alikwenda kumlea mzazi siku arobaini. Mwanamkasi, mwenye miaka kumi na miwili, angebaki na ami yake Rashid.

"Kitendawili!" bibi alisema mlangoni, kikapu kichwani.

"Tega!"

"Namzika akiwa hai wala silii. Asipozikwa ndipo ninapolia."

Mwanamkasi alikuna kichwa. "Mtu gani huyo, bibi? Basi nakupa mji."

"Mji wako siutaki. Fikiri, nikirudi utanijibu. Na sikiza, mjukuu wangu. Moto usikose jikoni. Moshi asubuhi, moshi jioni. Fukusi hawapendi moshi. Wakiukosa watahamia kwenye mbegu zangu na jamaa zao wote."

"Inshallah, bibi. Hautakosa."

Majuma mawili ya mwanzo aliitimiza ahadi yake. Kisha siku moja, darasani, Kafedha aliyekaa dawati la nyuma aliziba pua kwa vidole viwili.

"Jamani, nani kaleta ng'onda darasani?"

Darasa zima la sita liligeuka kumtazama Mwanamkasi. Alijinusa mkono wa sare yake. Kweli, ulinuka moshi kama samaki mkavu. Wenzake walicheka, na hata Jael, jirani yake na mwenzake wa dawati, alitabasamu kabla hajafunika mdomo. Tabasamu hilo ndilo lililomchoma Mwanamkasi zaidi.

Ami Rashid alikuwa na stovu ya mafuta taa aliyoiweka chumbani kwake. Jioni hiyo Mwanamkasi aliiomba.

"Chukua," alisema Rashid. "Moshi wa nini zama hizi? Na hizo mbegu za mama nazo, tutazipanda mpaka lini? Hukuona mahindi yangu ya paketi mwaka jana? Yamesimama sawasawa kama askari kwenye gwaride! Nimeshatenga gunia zima la mavuno hayo kupanda masika haya."

Maneno hayo yakampa Mwanamkasi sababu. Tangu siku hiyo alipika kwa stovu. Sare yake ilinuka sabuni, na Kafedha akatafuta mwingine wa kumcheka. Mafiga yalipoa, buibui wakatanda baina yake.

Majuma matatu yalipita. Siku moja Mwanamkasi alipokuwa akisonga ugali, unga laini kama poda ulidondoka kutoka juu, ukamwangukia mkononi. Aliinua macho. Alipanda kwenye kinu, akalishika hindi moja, na hindi likamwachia vumbi kiganjani. Kila punje ilikuwa na tundu. Vijidudu vyeusi vyenye pua ndefu vilitambaa mpaka kwenye vidole vyake. Alishika la pili, la tatu, la kumi. Yote yalikuwa hivyo hivyo.

Badala ya kumwita ami yake, aliyateremsha mahindi yote, akawapukuchulia kuku, na magunzi akayasukuma chini ya banda lao. "Bibi atapanda za paketi," alijituliza. "Ami ameshasema."

Siku mbili baadaye alipita Bwana Nicanor, bwana shamba wa eneo hilo. Rashid akamvuta mkono hadi kwenye gunia lake.

"Tazama mbegu zangu. Nitapanda hizi shamba zima."

Bwana Nicanor alichota punje, akazigeuza, akazirudisha. "Hizi zisage ule ugali, Bwana Rashid. Usizipande."

"Kwa nini? Mama zake si zile za paketi?"

"Ndiyo tatizo lenyewe. Mbegu ya paketi ni mtoto wa wazazi wawili waliochaguliwa, na wazazi hao wako kwa kampuni. Msimu wa kwanza utavuna vizuri, sikatai. Lakini watoto wake hawamfuati. Huyu atakuwa mrefu, yule kibete, mwingine hatashika hata hindi. Ndiyo maana hununuliwa kila msimu."

"Kumbe nimelima shamba langu, nikavuna, na mbegu bado ni ya kampuni?"

"Na hayo ni madogo. Nimesoma gazetini kuwa huko ng'ambo wataalamu wanachukua chembe ya urithi kutoka kiumbe kimoja na kuitia ndani ya mbegu ya mmea mwingine, ili wadudu wasiushambulie. Wako wanaosema itatuletea shibe, wako wanaoogopa. Wanabishana mpaka leo. Kisha kampuni inaiandikisha mbegu hiyo kwa jina lake, kama vile shamba linavyoandikiwa hati. Mkulima akiweka ya msimu ujao bila ruhusa, au akimgawia jirani, anaweza kushtakiwa."

"Wallahi? Kumpa jirani mbegu iwe kesi?"

"Huko iko hivyo. Hapa bado. Wewe kimbilia Likoni ukanunue paketi, mvua haiko mbali."

Rashid alipanda baiskeli yake siku hiyo hiyo. Alirudi jua likiwa limeinama, shati limemganda mgongoni, mikono mitupu. Mbegu zilikuwa zimekwisha madukani, na lori jingine lilitarajiwa baada ya majuma matatu. Kwa masika, majuma matatu ni kuchelewa kabisa.

"Basi nimeshindwa," alisema huku akicheka kidogo. "Mama alikuwa na akili kunishinda. Tutapanda zake." Akaingia jikoni.

Mwanamkasi alikuwa akifua uani. Kisha:

"Mwanamkasi!"

"Abee, ami."

"Mbegu za bibi ziko wapi?"

Mwanamkasi aliingia. Uchaga ulikuwa mtupu. Rashid alimtazama, naye akatazama mafiga yenye buibui. Angeweza kusema. Neno lilikuwa ulimini. Lakini lililotoka lilikuwa jingine.

"Sijui, ami. Labda… nilimwona Jael akitoka humu jikoni juzi. Alificha kitu kwenye kanga."

Mamake Jael aliitwa Margret. Alitoka bara, alikuwa amepanga chumba kwenye nyumba ya Bi Dhahabu ya nyuma, na bibi alimwazima kipande kidogo cha shamba alime mboga. Rashid alikwenda kwake papo hapo, na jirani yao Matano akamfuata. Mwanamkasi aliwafuata kwa nyuma.

Margret hakuwazuia kuingia. Nyuma ya mlango palikuwa na debe lililojaa majivu. Rashid alitia mkono, akautoa na gao la punje nyeupe na nyekundu.

"Hizi ni nini, Mama Jael?"

"Mbegu. Mama mwenyewe alinipa mahindi manne mwaka juzi. Nimezipanda, nimevuna, nimeziweka kwa majivu vile tunaweka kwetu. Muulize."

"Mama hayupo, umejua kuchagua wakati!"

"Rashid, mimi si mwizi."

"Watu wa bara hawa," Matano alidakia, "unampa kipande cha shamba, anakuchukulia na uchaga."

Jirani wengine walikuwa wameanza kukusanyika. Rashid, kwa hasira na aibu ya kurudi mikono mitupu, alitamka mbele yao wote: "Ijumaa niwe nimepata funguo za chumba." Jael alikuwa amesimama kando ya mamake. Hakulia. Alimtazama Mwanamkasi tu, kama mtu anayesoma ubao ulioandikwa vibaya.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Shuleni, Jael alihamia dawati jingine. Kafedha alipita akinong'ona, "Mwizi wa mahindi," na mara hii hakuwa akimwambia Mwanamkasi. Usingizini aliwasikia fukusi wakitafuna, na alipoamka aliona ni mawazo yake tu. Mawingu yalijaa upande wa baharini, na shamba la bibi lilikuwa limelimwa, limesawazishwa, halina hata punje ya kutiwa ndani yake.

Ijumaa Rashid aliporudi kutoka msikitini, mkokoteni ulikuwa mlangoni kwa Margret. Godoro lilikuwa juu yake, na sufuria, na meza ya Jael ya kusomea imegeuzwa miguu juu. Margret alitoka na debe la majivu mikononi.

Mwanamkasi aliiona ile meza, miguu yake juu. Alikimbia bandani kwa kuku, akalala kifudifudi, akaingiza mkono na kukokota magunzi. Akayabeba kwenye upindo wa gauni mpaka kwenye mkokoteni, akayamwaga miguuni mwa ami yake.

"Hawakuiba, ami. Zilikuwa hapa. Zimeliwa na fukusi. Mimi niliacha kuwasha moto, nikaogopa, nikawapa kuku, kisha nikasema uongo. Sikumwona Jael. Sikumwona kabisa."

Rashid aliokota gunzi moja, akaliona lilivyotobolewa. Watu walikuwa wakitazama, wale wale wa siku ile.

"Mama Jael," alisema, "nimekukosea. Nimekukosea mbele za watu, na mbele zao nakuomba msamaha. Chumba ni chako. Na… kama utaona vyema, hizo mbegu…"

Margret aliliweka debe juu ya mkokoteni, kwa kishindo.

"Jumanne nilikuwa mwizi. Leo nimekuwa mwenye mbegu?"

Matano alikumbuka ana kazi kwake, akaondoka.

"Nitamngoja mama," Margret alisema. "Mengine ataamua yeye."

Bi Dhahabu alirudi Jumapili, mvua ya kwanza ikidondoka matone makubwa. Mwanamkasi alimpokea kikapu, na kabla bibi hajakaa, alimweleza yote, hata ya ng'onda, hata ya tabasamu la Jael. Bibi alikwenda jikoni, akagusa jiwe moja la mafiga. Lilikuwa la baridi. Akafuta macho kwa ncha ya kanga, na Mwanamkasi akaona heri fimbo kuliko kuyaona yale machozi.

"Nifuateni," bibi alisema.

Kwa Margret alikaa chini kwenye mkeka, yeye na mwanawe na mjukuu wake.

"Margret mwanangu, sikuja kuomba mbegu. Nimekuja kuomba radhi. Nyumba yangu imekutia doa, wewe na mtoto wako. Mwanamkasi, sema."

Mwanamkasi alisema, safari hii akimtazama Jael. Jael alisikiliza, akauliza jambo moja tu:

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu ulicheka."

"Nilicheka kidogo," alisema Jael. "Wewe ulitaka tuhame."

Margret aliinuka, akalivuta debe kutoka nyuma ya mlango hadi mbele ya Bi Dhahabu. "Mama, mwaka juzi ulinipa mahindi manne. Hukuniuliza mimi ni wa wapi, hukusema nirudishe. Chukua nusu. Nusu niachie, nami nipande."

Asubuhi ya pili, sikukuu isiyo na shule, wote walikuwa shambani. Mbegu zilitosha zaidi ya nusu ya shamba. Palipobaki walitia mihogo. Rashid alichimba mashimo, Margret na bibi walitia punje, na Mwanamkasi na Jael walifukia kwa nyayo, kila mmoja na mstari wake, bila kusema mengi. Bwana Nicanor alipita, akasimama ukingoni.

"Bi Dhahabu, kumbe umepata mbegu!"

"Nimerudishiwa, Bwana Nicanor. Rashid kanieleza habari zako za gazeti. Mimi darasa langu liliishia la nne, na ya wataalamu nawaachia wataalamu. Rashid akitaka, mwakani apande paketi yake upande ule. Lakini upande huu utabaki wa mbegu ninayoweza kuiweka na kuigawa. Lau ningekatazwa kumpa Margret yale manne, leo ningekuwa nimeshika nini?"

Bwana Nicanor alitikisa kichwa taratibu. "Hilo gazeti halikuliandika," alisema.

Mwanamkasi alisimamisha mguu juu ya shimo alilokuwa akilifukia. "Bibi! Nimepata. Unayemzika hai wala hulii, ni mbegu."

"Ndiye huyo. Na umeona mwenyewe jinsi angeniliza." Bi Dhahabu aliunyosha mgongo, akawaita wasichana wote wawili karibu. "Mbegu ikiharibika, Mwanamkasi, ningetafuta nyingine kwa jirani. Ungeniambia siku ile ile, tungehuzunika siku moja, basi. Uongo wako ndio uliotaka kumfukuza jirani mwenye mbegu. Kosa ukilifanya, liseme lingali dogo. Na kazi uliyopewa uifanye, hata wakikucheka."

Jumatatu iliyofuata, Kafedha aliinua pua hewani. "Jamani! Ng'onda amerudi!"

Mwanamkasi alitazama daftari lake. Ndipo Jael, aliyekuwa amepitia jikoni kwa Bi Dhahabu asubuhi hiyo kusaidia kupuliza moto, alichukua mkoba wake, akarudi kwenye dawati la zamani na kuketi.

"Wamerudi wawili," alisema.