Kapteni Aliponyamaza

Soko la vyombo lilikuwa limejaa pomoni. Watu walipigana vikumbo kati ya marundo ya ndoo na masufuria, wauzaji wakishindana kunadi, na jua likimetameta juu ya bati mpaka macho yakauma. Katikati ya zogo hilo alisimama msichana aliyefumba macho. Alishika kijiko, akawa anagonga sinia moja baada ya jingine na kutega sikio.

Sketi yake ya kijani ilikuwa na mifuko mirefu aliyoishona mwenyewe, imesheheni nati, funguo kuukuu na vipande vya mnyororo. Kazini walimwita Kishindo. Alikuwa fundi wa sauti katika michezo ya redio: ngurumo, mvua, nyayo, milango, vyote vilitoka mikononi mwake.

"Dada, unanunua au unapiga ngoma?"

Sauti ilitoka nyuma yake. Ilikuwa nzito na ya taratibu, sauti ya mtu aliyekwisha kukusamehe kabla hujakosa.

"Natafuta mlipuko," alijibu, macho bado kayafumba. "Kuna merikebu ya angani inalipuka kesho, na sina cha kuilipulia."

"Pole sana. Mimi natafuta sufuria ya mama tu."

Akafumbua macho. Mbele yake alikuwepo kijana mrefu, shati la samawati kalikunja mikono, sufuria kaikumbatia kama mtoto mchanga. Anacheka. Kishindo akasikia moyo umeruka kamba.

"Unafanya kazi gani, kaka?"

"Natangaza safari stendi ya mabasi. Wewe mwenyewe nimeshakuita upande basi mara nyingi, ila husikii."

"Nasikia kila kitu mimi! Vile vipaza sauti vyenu ndivyo vinavyokoroma." Akamtazama tena. "Hebu twende redioni. Mwigizaji wetu wa kapteni kahama mji, na mwongozaji hapati usingizi."

Kijana alikwenda kwa mzaha, akabaki kwa kupendwa. Mchezo wenyewe ulitokana na riwaya nene ya kisayansi, juu ya kapteni aliyeongoza merikebu chache za angani dhidi ya majeshi ya chuma yaliyokuwa yakizima nyota moja moja. Kijana aliposoma mistari miwili tu, mwongozaji, mama wa makamo mwenye miwani mikubwa, aliivua miwani akaifuta. "Huyu ndiye," alisema. Tangu siku hiyo hata mama yake mzazi alianza kumwita Kapteni.

Mapenzi nayo hayakuomba ruhusa. Baada ya mazoezi walitembea pamoja mitaa ya katikati ya mji, taa za maduka zikianza kuwaka, wakizungumza kana kwamba ardhi ilikuwa mbali chini yao.

"Lakini mpenzi, si wanasema angani hakuna sauti?" Kapteni alimchokoza. "Hiyo milipuko yako inasikika vipi?"

"Na redioni hakuna sura. Mbona wasikilizaji wanaamini wewe ni mzuri?"

"Kwani mimi si mzuri?"

"Nitakuambia tukifunga ndoa."

Kapteni akacheka hadi akakohoa. Kishindo hakukitilia maanani kikohozi kile.

Kisha simu zikaanza kupungua. Aliyekuwa akipiga hata kuuliza kama chai imepoa, sasa alituma ujumbe mfupi. Akipigiwa, alinong'ona kama mtu aliyejificha kabatini. Adhuhuri moja Kishindo alipiga, na kabla hajasalimia, akasikia sauti ya mwanamke kwa nyuma: "Haya baba, ingia ndani, nimekusubiri wewe tu."

"Uko wapi?" Kishindo aliuliza.

"Nitakupigia," Kapteni alinong'ona. Simu ikakatwa.

Hakupiga. Siku iliyofuata walipokutana studioni, Kishindo alimuuliza waziwazi, "Ni nani yule mwanamke?"

Kapteni alitazama sakafu. "Nipe nafasi mpaka tumalize pambano la mwisho. Nitakueleza."

"Usijisumbue. Masikio yangu ndiyo kazi yangu. Nilichosikia kinanitosha."

Nyumbani alimlilia shangazi yake, aliyemlea tangu utotoni. Shangazi alikuwa akichambua mchele, hakuinua kichwa. "Mwanangu, sauti moja ya nyuma ya simu haijawa ushahidi. Lakini lia, lia tu. Machozi hayaui mtu."

Pambano la mwisho lilirushwa moja kwa moja, Jumamosi alasiri. Studio ilikuwa na joto na harufu ya zulia kuukuu. Waigizaji walisimama kuzunguka kipaza sauti kimoja, Kapteni akiwa na kitambaa cheupe shingoni. Upande wa pili, meza ya Kishindo ilisheheni silaha zake: bati la kutikisa, gurudumu la baiskeli, chupa, ndoo ya kokoto. Hawakutazamana.

Taa nyekundu ikawaka, na anga likafunguka mle chumbani. Kishindo alipuliza mdomo wa chupa, upepo mpweke ukapita baina ya nyota. Akazungusha gurudumu, merikebu zikanguruma. Majeshi ya chuma yalikuja kwa mlio wa minyororo, taratibu, mengi kuliko hesabu. Merikebu za Kapteni zilipigwa, nyingine zikakata tamaa na kugeuka. Ikafika zamu yake: hotuba ya kuwarudisha waliokimbia, maneno ambayo mji mzima ulikuwa ukiyasubiri.

"Ndugu zangu..." alianza Kapteni.

Sauti ikapasuka. Akafungua mdomo tena, hakikutoka kitu.

Kimya. Nyuma ya kioo mwongozaji alipunga mikono yote miwili. Kishindo aliinua macho, akauona mkono wa Kapteni umeshika koo na uso wake umejaa hofu ya mtu anayezama. Palepale akajua. Kikohozi, kunong'ona, kitambaa. Hasira yake yote ilimponyoka mikononi kama maji.

Alilitikisa bati kwa nguvu zake zote. Merikebu ya Kapteni ikapigwa! Akamwaga ndoo ya kokoto, akapiga kengele ya hatari, kisha akavizima vyote ghafla. Akasogeza kipaza sauti cha mezani pake kifuani, akajipiga ngumi polepole: du-du. Du-du. Moyo wa mtu aliyejeruhiwa.

Mwigizaji wa kike aliyecheza msaidizi wa Kapteni alielewa. "Kapteni ameumia!" alilia. "Mnaosikia huko mliko, huu ndio moyo wake! Bado unapiga! Mtauacha upige peke yake?"

Kishindo akaachia kifua, akazungusha gurudumu. Merikebu ya kwanza ikarudi. Akapuliza chupa, ya pili ikaja. Zikarudi moja baada ya nyingine kutoka kona zote za giza, mpaka mngurumo wao ukajaza studio, ukatikisa kioo, ukaimeza minyororo yote. Kapteni alisimama katikati ya sauti hizo, machozi yakimtiririka.

Wasikilizaji walidhani ndivyo ilivyoandikwa. Simu za pongezi zilimiminika. Kishindo hakuzisubiri. Alimkuta Kapteni kwenye ngazi za nyuma, ameketi katika mwanga wa dhahabu uliokuwa ukimwagika dirishani.

"Kuna uvimbe kooni," alinong'ona. "Miaka ya kupiga kelele stendi. Wananipasua wiki ijayo. Daktari hajui sauti itarudi vipi, au kama itarudi."

"Na yule mwanamke?"

"Muuguzi. Ana wajukuu."

Kishindo alitaka kucheka, akalia. "Mficha maradhi kifo humuumbua, hukufundishwa? Kwa nini hukuniambia?"

"Ulinipenda macho umeyafumba. Nikikosa sauti, utapenda nini?"

"Mjinga wewe." Aliketi karibu naye, bega kwa bega. "Niliyafumbua palepale sokoni, na tangu hapo sijayafumba."

Baada ya upasuaji alikatazwa kusema hata neno. Kishindo alimpigia kila jioni, akazungumza peke yake: mvua ilivyonyesha, shangazi alivyounguza maharage akisikiliza redio. Upande wa pili palikuwa na pumzi tu. Lakini alijifunza pumzi ya kucheka, pumzi ya usingizi, na ile ya mtu anayetamani kusema.

Mpaka alasiri moja mlango ukagongwa. Kapteni alisimama pale, kavaa suti ya kijivu iliyompwaya kidogo, kakonda, viatu vinang'aa. Stendi walikuwa wamemhamishia dirisha la tiketi. Alipofungua mdomo, ilitoka sauti nyembamba, yenye mikwaruzo, ambayo Kishindo hakupata kuisikia maishani.

Ilimwita kwa jina lake halisi, lile alilopewa na wazazi.

"Ndiyo iliyobaki," alisema. "Haitaongoza merikebu tena. Lakini nataka kukuoa."

Kishindo aliipokea sauti ile ngeni, akaipa nafasi ya kukaa. Kwa muda alihuzunika kwa ile iliyokufa. Kisha akamshika mkono.

"Nami nataka," alisema. "Ila zungumza na shangazi kwanza."

"Nimeshasikia!" shangazi alijibu kutoka jikoni. "Mwingize ndani mwanaume wa watu, hapo mlangoni pana upepo. Atapoteza na hicho kidogo alichobakiwa nacho!"